Mji Aliouomba Mwalimu Semboja

Jua la mchana linatuchoma kwenye kiwanja cha shule, tunamngoja Mheshimiwa Semboja, yule aliyenifundisha mpaka la saba kabla hajaacha chaki akaingia siasa, nami naegemea bega la mama, nasema nafumba macho kidogo tu, na nikifumba, kiwanja kinageuka barabara, tena barabara inatembea yenyewe, mimi nimesimama. Mbele yangu yuko mtu hana uso, laini kama kisahani, ameshika kipaza sauti. Kaka, huku wapi? Huku ni kwa walioshindwa kitendawili, dada. Tunapita mji wa vioo, tunapita mwingine, kumbe ni uleule umegeuzwa, na kila kioo kina picha ya Mwalimu na kofia yake, chini watu wamekaa wanapiga makofi, hawapiki, hawalimi, ni makofi tu. Hawa wana nini? Walitegewa wasijue, wakaambiwa nipe mji, wakatoa. Barabara inanifikisha kwa Mwalimu mwenyewe, amekaa dawati la darasa la kwanza, magoti yamegusa kidevu. Shikamoo Mwalimu. Marahaba Stumai, ila siku hizi ni Mheshimiwa. Shikamoo Mheshimiwa. Marahaba, kitendawili. Tega. Kila uchaguzi namsikia, kumwona sijamwona. Bomba la maji. Siyo. Lami. Siyo. Zahanati. Siyo, nipe mji. Nami mji sina ila Kwemkunde yetu, na mama yumo, naye akishaanza makofi nani atapalilia maharage? Namtazama. Dawati langu lilikuwa la mbele, namjua Mwalimu akiwa hajui kitu, anakuna sikio, na sasa analikuna hasa. Haya, namwambia, chukua Kwemkunde, ila ulitufundisha mwenyewe, ukipewa mji unafika, unakula, unakunywa, halafu unatoa jibu. Mtu asiye na uso anacheka, sijui kwa mdomo upi. Mwanangu, anasema Mwalimu, hayo yalikuwa ya darasani.

Mama ananipiga kiwiko, amka wewe, kafika. Kweli kafika, ametoka kula wali kwa mwenyekiti, anapangusa mdomo, anasema Kwemkunde hoyee. Nasubiri hoyee, haiji. Mama anasimama, kiwanja kizima kinasimama naye, wanamwambia kwa sauti moja, jibu. Mheshimiwa anageuka kuwatazama wapambe wake, nao wanatazama viatu, na mimi sijui kama nimeamka, au ni hawa wote walionifuata usingizini.