Maneno Saba Aliyoyakata Mkasi

Sentensi yenyewe ilikuwa na maneno saba tu: "Tarakimu hizi ni za mfano, si halisi." Nimeyahesabu mara nyingi tangu siku ile, kwenye ngazi, bafuni, hata nikiwa napiga pasi, na kila nikihesabu hasira inanipanda upya. Maneno saba, na bosi wangu akaona ni mengi.

Kazi yangu ilikuwa kuandika maelezo ya matumizi. Ofisi yetu ina zana inayokusanya taarifa za mapato ya makampuni makubwa, faida na hasara zao za kila robo mwaka, na wanaoitumia si watu. Ni mawakala wa akili mnemba, yaani programu zinazotumwa na makampuni zikaulize, zisome na kuamua, kazi iliyokuwa ya karani mwenye miwani na kikombe cha chai. Wakala hajui kutumia zana mpaka asome maelezo yangu. Anasoma kila herufi na kuiamini kila herufi. Karani ukimwandikia upuuzi atakukunjia uso, wakala atakushukuru.

Maelezo yanahitaji mfano: ukiuliza hivi, utajibiwa hivi. Mfano nao unahitaji jina la kampuni. Mimi nikaweka jina la kampuni ya sabuni anakofanya kazi dada yangu, idara ya kufungasha, mwaka wa kumi na moja sasa. Nilitaka siku moja nimwonyeshe tucheke. Tarakimu nilizitunga mwenyewe. Niliinua macho, nikaona namba ya mlango wa ofisi yetu, 417, nikaandika hasara ya milioni mia nne na kumi na saba. Chini yake nikaweka yale maneno saba.

Mkuu wetu wa kitengo tunamwita Mkasi, naye anajua na anajivunia. Alizipitia kurasa zangu akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, anatafuna kifuniko cha kalamu yangu mwenyewe.

"Hii sentensi ya nini?"

"Wakala asije akadhani ni habari ya kweli, mkuu."

"Wakala ana akili kukushinda. Kila neno tunalomsomesha lina gharama. Hatuandiki hotuba hapa."

Akaifuta kwa kidole kimoja. Nilinuna, kisha nikameza. Hilo nalo linaniuma, kwamba nilimeza.

Jumatatu moja asubuhi zana ilizimika kwa dakika arobaini. Katika dakika hizo, wakala wa kiwanda cha maboksi aliuliza hali ya kampuni ya sabuni, maana kiwanda hicho huipa mzigo kwanza na kulipwa baadaye. Zana haikujibu. Badala ya kusema hajui, wakala akachukua kilichokuwa karibu, mfano wangu, akaupeleka kwa wakubwa zake kama habari ya siku. Kabla ya jioni maboksi yalikuwa yamesitishwa.

Mimi niliyasikia kwa dada. Jumatano jioni alinijia nyumbani akiwa bado na koti la kazi, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni.

"Wameturudisha nyumbani idara nzima," alisema. "Sabuni bila boksi utaifungasha kwenye nini? Wametuambia maboksi yasipokuja Ijumaa, mikataba yetu basi. Eti kampuni ina hasara ya milioni mia nne na kumi na saba! Hasara ya wapi? Mwezi uliopita tumefanya kazi mpaka Jumapili."

Namba ile niliijua ilikotoka, hata skrubu zilizoishikilia mlangoni nilizijua.

"Kunywa maji kwanza, dada," nikamwambia. Ndicho pekee nilichoweza, muoga mimi.

Alhamisi asubuhi nilimkuta Mkasi anajua kila kitu.

"Mfano nimeshaubadilisha," alisema. "Nimeweka kampuni ya kubuni. Yamekwisha."

"Hayajaisha. Kiwanda cha maboksi bado kinaamini ile namba. Tuwaandikie leo."

"Tuwaandikie nini? Kwamba watu wetu wanatunga hesabu? Wateja watatukimbia wote." Akashusha sauti, akawa mpole ghafla. "Na jina lililo chini ya ule ukurasa ni la nani?"

Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. "Jina ni langu. Kidole kilichofuta ni chako."

Ofisi nzima ikaacha kuandika. Niliketi, nikamwandikia meneja wa mauzo wa kile kiwanda, mtu mwenye macho na simu: ile hasara niliitunga mimi, niliitoa kwenye namba ya mlango, kampuni ya sabuni haihusiki. Nikaambatisha ukurasa wa zamani unaoonyesha maneno saba, aliyeyafuta na saa aliyoyafuta. Mkasi alikuwa ananifokea sikioni nilipobonyeza kutuma. Saa nane mchana kadi yangu ilikuwa haifungui tena mlango 417.

Maboksi yalifika Ijumaa saa tano. Jioni dada alikuja anacheka, amebeba miche miwili ya sabuni iliyopinda, ile wanayoruhusiwa kuchukua. Nikaona nisipomwambia sasa sitamwambia tena. Nikampa ukurasa, nikamweleza yote, na Mkasi nikamchambua kuanzia viatu mpaka kipara. Nilisubiri tumtukane pamoja.

Dada hakuwa na habari na Mkasi. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, kikasimama kwenye hasara.

"Hii uliitunga wewe."

"Niliitunga, dada."

"Hakuna aliyekwambia uandike ngapi."

"Hakuna."

Cheko lilikuwa limemtoka usoni. "Miaka kumi na moja nafungasha pale, mdogo wangu. Ulishindwa kutuandikia faida, hata ya kutunga?"

Jibu nilikuwa nalo. Hasara huwekewa kistari cha kutoa mbele ya namba, na nilitaka mawakala waone kinavyokaa. Niliitazama mikono yake iliyochubuliwa na maboksi, nikaona haya kulisema.