Ndege wa Alhamisi

Simu ililia Jumapili asubuhi, Mama Vifungo akiwa amepiga magoti kutafuta sindano chini ya cherehani. Alipoona ni mwanawe, sindano aliisahau palepale. Mtoto alikuwa huyo mmoja tu, na baba yake alikwisha kutangulia mbele ya haki. Kijana alikwenda nchi ya watu kutafuta riziki, na huu ulikuwa mwaka wa saba hajatia mguu nyumbani.

Mtandao ulikuwa wa kusuasua. "Mama... ndege... Alhamisi saa nne... usitoke!"

"Alhamisi hii hii?"

"Ndiyo, mama! Uwe..." Ikakatika.

Alipopiga tena, hakupatikana. Lakini alichosikia kilimtosha. Siku hiyo hiyo alishusha mapazia akayafua. Chumba kidogo, kilichogeuka ghala la vitambaa vya wateja, alikiondolea mizigo yote, akapiga deki mpaka pembeni. Mteja aliyetaka gauni lake Alhamisi aliambiwa, "Siku hiyo sishoni hata ukinitolea bunduki." Kisha akagonga mlango wa pili, kwa muuguzi mstaafu ambaye walikuwa wakiitana dada.

"Dada, mwanangu anakuja!"

"Acha! Yule mwenye masikio?"

"Huyo huyo na masikio yake."

Alhamisi aliamka kabla ya jua, akaoga, akakaa dirishani. Saa nne na dakika chache mlango uligongwa. Maneno yote aliyokuwa ameyapanga yalimtoka kichwani. Alifungua, akakuta mwanamume wa makamo mwenye kofia ya pikipiki, kakumbatia boksi.

"Mzigo wako, mama. Weka sahihi hapa."

Mama Vifungo alichungulia nyuma ya bega lake. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe nani?"

"Aliyekuja nao."

"Umekuja peke yake, mama," alisema yule mtu, safari hii kwa upole, akamshikisha kalamu.

Ndani ya boksi, katikati ya magazeti yaliyofinyangwa, alilala ndege wa mti. Alichongwa kwa mkono, mrefu kama kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, shingo kaigeuzia nyuma kama aliyeitwa njiani. Alama za patasi zilionekana kwenye mabawa. Kikaratasi kilisema: *Pambo la sebule, mama. Ukimwona, unikumbuke.*

"Nikukumbuke!" alisema kwa sauti, peke yake. "Kwani nani kakusahau?"

Bado alikuwa ameduwaa pale aliposikia vigelegele barazani. Dada yake wa mlango wa pili aliingia na sufuria iliyofunikwa kwa kanga. "Haya, mgeni wetu yuko wapi?"

Mama Vifungo alionyesha mezani kwa kidevu.

Muuguzi alimtazama ndege, akatazama boksi, akamrudia ndege. "Mh," alisema. "Kakonda."

Walicheka mpaka wakashikana. Kisha kicheko cha Mama Vifungo kiligeuka kwikwi, na kwikwi zikawa kilio. Mwenzake alivuta kiti, akakaa naye mpaka saa ya kwenda kuwapokea wajukuu zake shuleni.

Alipoondoka, nyumba ikawa kimya kabisa. Mama Vifungo alimweka ndege juu ya kabati, akamshusha. Akamweka karibu na redio, akamtoa. Hatimaye alimwacha kwenye meza ya cherehani.

Alasiri mwanawe alipiga, na mtandao ulikuwa safi.

"Amefika? Umempenda?"

Siku zote alimjibu, "Asante baba, ni mzuri mno." Leo ulimi ulikataa.

"Ni mzuri. Lakini nilidhani ni wewe."

"Nilifua mapazia," aliongeza.

"Mama..."

"Utakuja lini? Usiniambie mwakani."

Alimsikia akivuta pumzi. "Sijui, mama. Sina karatasi za kuishi nchi hii. Nikitoka huku, sirudi tena. Nilikuwa naona aibu kukwambia."

Mama Vifungo alishika ukingo wa meza. Miaka saba ya mwakani, mwakani, alikuwa akijilaumu yeye, akitafuta neno gani alimkosea mtoto.

"Unakula lakini?"

"Nakula."

"Na huyu ndege umemtoa wapi?"

"Kuna mzee anachonga, jirani na ninapolala. Nikikosa kibarua nakwenda kukaa kwake. Hiyo miguu nimeipiga msasa mimi. Usiitazame sana, niliiharibu."

Alipitisha kidole kwenye miguu. Kweli, mmoja ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake, na ulikwaruza.

"Hujaharibu," alimwambia. "Niambie, huyo mzee ni mtu wa namna gani?"

Akamweleza, kwa kirefu, mpaka simu ikazima kwa kuishiwa chaji. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Mama Vifungo alibaki kwenye kiti chake, simu mkononi, akiusubiri urudi.