Fundi Magodoro na Farasi Mwenye Pumu

Upweke uvundo, walisema wahenga, na fundi magodoro alikuwa ameanza kuunusa. Mke alishatangulia mbele ya haki, watoto wako mbali na simu zao ni za kubahatisha. Aliyekuwa amembakia uani ni farasi mmoja wa kuvuta mkokoteni, mzee, aliyemwita Babu, naye alikufa miezi miwili iliyopita. Tangu siku hiyo fundi akawa anazungumza na cherehani. Na cherehani, jamani, haigeuzi hata shingo.

Ndiyo maana aliposikia kuna mama anayehama, anauza farasi jike kwa bei ya kutupa, hakulaza damu. Akamchukua daktari wa mifugo, wakaenda.

Mama hakuficha kitu. Mficha maradhi kilio humfichua, alisema, na huyu ana pumu. Jike mwenyewe, wa rangi ya kahawia, alimnusa fundi begani, akatuliza kichwa papo hapo, akawa anampulizia pumzi ya joto shingoni. Fundi akalegea. Miezi miwili hakuna kiumbe aliyemgusa. Nisikufiche, moyoni alishamnunua.

Daktari akasikiliza mapafu, kisha akaanza kumwonyesha. Tazama pua zinavyotanuka hata akiwa amesimama tu. Tazama huu mfereji ubavuni, ni misuli inayohangaika kusukuma pumzi. Na asubuhi, akianza kula, atakohoa. Hata hivyo ataishi miaka mingi, mradi nyasi zake zilowekwe maji na alale penye hewa. Adui yake ni vumbi.

"Vumbi gani?" fundi akauliza.

"Lolote. La nyasi kavu, la unga, la pamba. Hilo la pamba ndilo baya kabisa ukimfungia nalo ndani."

Fundi akautazama tena ubavu wa yule jike. Mfereji ule alikuwa ameuona ubavuni mwa Babu, akadhani ni uzee. Pua zile alizijua. Kikohozi kile kilikuwa kikimwamsha alfajiri, naye kwa huruma zake akamtoa Babu bandani asipigwe na baridi, akamhamishia karakana, akamtandikia mabaki ya pamba. Babu alipozidi kukohoa, yeye akazidisha pamba. Loo, wema wa namna hiyo hata adui yako hakufanyii.

Mama alipomwona amenywea alidhani ni mbinu ya kupatana, akapunguza bei. Fundi akatikisa kichwa. Akapunguza tena, akasema basi kaka, toa chochote, mimi nataka tu apate mtu wa kumpenda.

"Dada yangu, yule wa kwanza nilimpenda," fundi akasema. "Nilimpenda mpaka nikamuua, na nimejua leo."

Akamwomba radhi kwa kumpotezea muda, akarudi kwa miguu. Kulikuwa na magodoro manne ya kujaza kabla ya jioni.