Paa la Mzee Juu

Mtaani walimwita Mzee Juu, kwa sababu miaka yote ile ukimtaka ilibidi uinue shingo. Alikuwa fundi wa kuezeka. Mkewe mshonaji alizoea kuulizwa, "Mzee yuko wapi?" naye akajibu kwa kunyoosha kidole mbinguni. Watu walishtuka kwanza, kisha wakacheka.

Sasa Mzee Juu alikuwa amelazwa wodini, mpira wa oksijeni puani. Daktari alimwita mshonaji kando, akamvutia kiti kabla ya kusema lolote, jambo ambalo mama yule hakulisahau. Akamuuliza mumewe alifanya kazi gani maishani, akaitikia kwa kichwa, kisha akamwambia polepole kwamba hatapona. Lakini kama nyumbani kungekuwa na umeme usiokatika, hospitali ingewaazima mashine ya oksijeni, mzee akamalizie siku zake kitandani kwake.

"Umeme wetu si unaujua, daktari," alisema mshonaji. "Unakuja kama mgeni, unaondoka bila kuaga."

"Basi jaribu kuweka sola, mama."

Mzee mwenyewe hakuwa na ombi lingine. Kila mkewe alipomtembelea alimshika kiganja na kumwambia kwa sauti iliyobaki, "Nirudishe nyumbani. Nataka nilale chini ya paa langu." Hawakujaliwa mtoto. Nyumba ile ndiyo waliyoilea pamoja.

Fundi wa sola alikuwa binti mwenye ovaroli la bluu na penseli sikioni. Alizunguka nyumba, akauliza mashine inakula umeme kiasi gani, kisha akaanza kutaja: paneli, betri, inveta, waya, vyuma vya kushikilia, na ufundi wake. Alipofika mwisho mshonaji alikuwa ameshika tama.

"Mwanangu, nanunua umeme au nalinunua jua lenyewe?"

"Jua lenyewe ni la bure, bibi. Linaloumiza ni hilo dude la kulifungia." Akaitazama ile hesabu tena, akakata ufundi wake hadi nusu bila kuombwa.

Mshonaji aliuza cherehani zake mbili za umeme, akabaki na ile ya kukanyaga. Aliyezinunua alikuwa mshonaji mwenzake wa mtaa wa pili. Hakuomba apunguziwe bei hata kidogo. Alilipa, akaziinamia kuzifuta, akasema, "Dada, siku ukikwama na kazi, njoo ushonee kwangu." Mke wa Mzee Juu alitembea hadi nyumbani akiwa ameziba mdomo kwa ncha ya khanga, asilie barabarani.

Siku ya kufunga, binti alipanda ngazi na drili mkononi. Akakaa kule juu kitambo, akipapasa tu. Kisha akashuka bila kutoboa tundu hata moja. Alikwenda bombani, akanawa mikono muda mrefu.

"Bibi, nyumba hii aliiezeka nani?"

"Mume wangu, kwa mikono yake. Kila akimaliza jengo kubwa, tajiri alikuwa anamwachia mabaki ya mabati. Anayabeba begani moja moja, anakuja kuyakata hapa hapa uani kwa msumeno. Anatoka mweupe pepepe kama aliyeanguka kwenye gunia la unga. Nacheka mpaka nakaa chini."

Binti hakucheka. "Haya mabati ya kijivu ni asbesto, bibi. Watu wengi hawajui. Ukiyaacha yatulie, afadhali. Ukiyakata au kuyatoboa, vumbi lake likiingia kifuani halitoki. Nisamehe, mimi sitoboi."

Mshonaji alijikuta amekaa kwenye kizingiti. Swali la daktari juu ya kazi lilimrudia, na kile kichwa kilichoitikia.

"Usimwambie," alisema. "Nakuomba, mwanangu. Paa hili ndilo fahari yake. Usimwambie kwamba ndilo lililomfanya hivi."

Binti akakubali. Paneli zingesimama uani, juu ya kichanja cha chuma. Lakini chuma nacho kilikuwa na bei yake, na pesa za cherehani zilikuwa zimekwisha.

Aliyewaokoa ni jirani wa ukuta wa pili, dereva mstaafu, ambaye lori lake bovu lilikuwa limelala uani mwake miaka mingi huku akiapa kwamba litatembea tena. Aliposikia, aliliangalia kama mtu anayemuaga ndugu.

"Ng'oeni bodi lote," alisema. "Chuma cha kazi hicho. Kimebeba saruji, kimebeba ng'ombe, kitashindwa vioo?"

"Na ukilifufua lori lako, shemeji?" mshonaji aliuliza.

"Nikilifufua nitabeba abiria wa kusimama," akajibu, akageukia ukutani kidogo.

Mzee Juu alirudi nyumbani kwa gari la wagonjwa, kichanja bado hakijafungwa chini na mtungi mdogo wa oksijeni ukiwa miguuni pake. Alipoona paneli zimeegemezwa uani, uso ulimbadilika.

"Nani kazianika chini kama mashuka? Paa langu lina ugonjwa gani?"

"Ni mimi niliyetaka," mkewe alisema haraka. "Zinatakiwa kufutwa vumbi. Unataka nipande ngazi na magoti haya?"

"Paa langu lingebeba tembo."

"Najua, baba. Ila tembo hafutwi vumbi."

Mzee alinuna. Ndipo binti alipovuta ndoo, akaigeuza, akakaa karibu na miguu yake. "Babu, huu uwanja unaujua wewe. Mimi jua lake ndiyo kwanza nalisoma. Nielekeze."

Mzee Juu alimtazama, akaangalia juu, akajikohoza. "Sogeza kushoto. Tena. Hapo tangi la maji litakutia kivuli alasiri. Njoo mbele. Sasa ilaze. Umeilaza mno, unataka ilale usingizi? Inua. Hapo hapo!" Na binti alisogeza, akalaza, akainua, hata pale ambapo mwanzo alikuwa amepima sawasawa. Ile ndiyo kazi ya mwisho Mzee Juu aliyoisimamia, na aliisimamia vizuri.

Zikafuata siku za utulivu. Umeme wa mtaa ulikatika na kurudi na kukatika, mashine ikaendelea kuunguruma kando ya kitanda. Majirani walileta simu zao kuchaji, wakawa wanakaa kidogo na mgonjwa wakisingizia wanasubiri simu zijae. Dereva alikuja kila asubuhi kukitukana kichanja, eti kinakula raha kuliko alipokuwa nacho barabarani.

Siku moja binti alirudi kukaza waya. Mshonaji alikuwa jikoni anaosha vyombo, dirisha wazi, akamsikia mzee akiuliza.

"Wewe fundi. Mimi nami ni fundi, usinidanganye. Ulipanda na drili, ukashuka. Dereva kaniambia, hajui kuficha jambo yule. Paa langu ni bovu?"

"Hapana, babu. Paa lako halina hata msumari uliolegea."

"Basi ulikataa nini?"

Mshonaji aliacha kusugua sahani, mikono yake ikiwa majini.

"Vumbi? Lile jeupe la msumeno?" mzee akauliza.

"Vumbi, babu."

Mshonaji aliingia chumbani akiwa bado ameshika sahani. Alidhani angemkuta amevunjika kwa ajili ya paa. Lakini mzee alikuwa anamtazama yeye.

"Ovaroli zangu," alisema. "Nani alikuwa anazifua?"

"Angezifua nani mwingine? Nilikuwa nazikung'uta kwanza pale ukutani, vumbi li..."

Mzee Juu alilia. Kulia kwenyewe kulikuwa kwa taabu, maana kila kwikwi ilimnyima pumzi. "Miaka yote nilidhani nakujengea. Mke wangu, miaka yote."

"Ulinijengea," mkewe alisema, akakaa kitandani na kumfuta uso kwa kiganja kilicholowa. "Sijanyeshewa hata siku moja."

Mzee alipotulia, akasema alichotaka. Akishaondoka, paneli ziuzwe, betri iuzwe, na kwa pesa hizo paa lishushwe lote, liwekwe jipya, lakini na watu wanaojua kazi hiyo.

"Ndicho kitu chako pekee kitakachobaki," mkewe alikataa. "Nikikishusha nitabaki na nini?"

"Utabaki na kifua chako. Niahidi."

Hakutaka. Alizungusha ile sahani mapajani, na mume alisubiri kama alivyozoea kusubiri mvua ipite. Mwishowe akaahidi. Binti, ambaye alikuwa amegeukia dirishani kuwapa faragha, alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye ndiye atakayemtafuta mteja, kwa bei ile ile waliyonunulia.

Mzee Juu alifariki adhuhuri moja jua likiwa kali, mtaa mzima hauna umeme. Mkewe alikuwa amemshika mkono. Mashine iliendelea kusukuma hewa, na aliiacha isukume kidogo, kisha akainuka akaizima mwenyewe.

Baada ya msiba dereva alimpeleka kupiga picha ya kifua, akamsubiri nje mpaka jioni. Daktari alisema haoni kitu, ila arudi kila mwaka. Binti alileta mteja. Bei ilikuwa ile ile, na mshonaji hakuuliza binti aliongezea kiasi gani kutoka mfukoni mwake.

Mafundi wa kushusha paa walikuja wamejifunika pua na mdomo. Walimtaka akae mbali, akaketi kwa dereva, upande wa pili wa ukuta. Walilowesha mabati kwa maji, wakafungua misumari mmoja mmoja, wakayateremsha mazima, kila bati mikononi mwa watu wawili.

Mkubwa wao alimwona anavyotazama, akasogea hadi ukutani. "Tunaumiza moyo wako, mama?"

"Hapana, wanangu. Fanyeni kazi." Akajifunga khanga vizuri. "Ila polepole. Aliyeyapandisha alikuwa peke yake."