Shavu Lisilo na Kovu

Ofisi zao zilitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo mhadhiri alisikia kila simu aliyopigiwa jirani yake. Leo anapigiwa na watu wa kampuni ya kamera, kesho jumba la makumbusho, keshokutwa mwanafunzi wa nchi ya mbali anayetaka kuja kusoma chini yake. Jirani akicheka, yeye huku anasaga meno.

Jirani huyo wanafunzi walimpachika jina la Brashi. Yeye na mhadhiri walisoma darasa moja, wakaajiriwa pamoja, wakafundisha somo lilelile la michoro ya kompyuta. Kisha mwanamke huyu akaandika makala moja kuhusu kuziba mapengo kwenye picha: ukifuta mtu au doa, programu inatazama sehemu zilizobaki na kujaza pale palipofutwa, kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu. Makala ile haikukamatika. Watafiti wa kila pembe wakainukuu, watengenezaji wa simu wakaitia kwenye simu zao. Mhadhiri alikuwa ameandika makala nyingi kuliko Brashi, nyingine ngumu zaidi, lakini waliozinukuu walikuwa yeye mwenyewe na wanafunzi wake wachache waliomwogopa.

Mkewe aliwahi kumtania kwamba mezani kwao jina la Brashi linatajwa kuliko la watoto. Hakucheka.

Basi ikafika zamu ya Brashi kuombewa uprofesa. Mkuu wa idara akamwita mhadhiri, akamweleza kwamba kamati inahitaji tathmini ya mtu anayeijua fani: utafiti wa mwanamama huyu umeacha alama gani nje ya chuo? Mhadhiri alikubali upesi kupita kiasi. Moyoni alisema, safari hii amejileta mwenyewe.

Akaanza kutafuta mahali pa kuuma, na kila alipogusa alikuta sifa. Wahifadhi wa nyaraka walikuwa wanafufua picha zilizoliwa na mchwa. Wapiga picha za harusi walikuwa wanaondoa nyaya za umeme juu ya vichwa vya maharusi. Hata simu iliyokuwa mfukoni mwake ilikuwa na kazi ya Brashi ndani. Alizidi kukereka.

Jumapili akaenda kumsalimia mama yake. Ukutani pale sebuleni akaikuta picha ya marehemu baba yake, ile iliyochanika usoni walipohama nyumba, sasa ni nzima na inang'aa. Mama akasimulia kwa furaha kwamba fundi wa studio aliipitisha kwenye kompyuta, na mpasuko ukajiziba wenyewe. Tena fundi alimwambia mbinu hiyo ilitungwa na mama mmoja wa pale pale chuoni.

"Unamfahamu, baba?"

"Namfahamu."

"Basi mfikishie shukrani zangu."

Alihisi kama amemeza mwiba. Hata kwa mama yake mzazi, Brashi ametangulia. Akaisogelea picha akitafuta kasoro, na akaipata. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Cheche ilimwachia kovu chini ya jicho la kushoto, na mpasuko ulikuwa umepita juu yake. Programu haikuwa na habari za kovu. Ilikuwa imejaza shavu laini la mtu mwingine.

Mama naye alikuwa ameliona hilo. Alisema tu kwamba mzee amerudia ujana, na kovu lile analijua, hana haja ya kukumbushwa. Lakini mhadhiri alikuwa ameshaishusha picha ukutani.

Kamati ilipokutana, Brashi aliitwa kueleza kazi yake. Alipomaliza, mhadhiri akasimama, akaionyesha picha kwenye skrini. Akasema huyu ni baba yake, na mbinu inayosifiwa imemwondolea alama aliyoishi nayo bila kumtaarifu mtu. Mmeniuliza utafiti huu umeacha alama gani, alisema; kazi yake ni kufuta alama. Sentensi hiyo alikuwa ameifanyia mazoezi mbele ya kioo.

Brashi akaisogelea skrini.

"Kovu lilikuwa wapi?"

Akamwonyesha.

"Pole sana, kaka. Hilo ndilo nililoliandika mwishoni mwa makala. Kwamba programu inabuni, na anayetazama hana njia ya kujua imebuni wapi. Nimehangaika nalo, limenishinda." Akamgeukia. "Hukuisoma mpaka mwisho?"

Hakuwa ameisoma mpaka mwisho. Kila alipoifungua, wivu ulimgandisha kwenye ukurasa wa kwanza, pale penye jina. Masikio yakamwaka moto mbele ya kamati nzima.

Baadaye Brashi alimngoja kwenye korido. Akamwomba alichukue lile tatizo liwe lake. Angempa programu yake yote na picha zake za majaribio. Mhadhiri angependelea atukanwe. Tusi lingemrahisishia mambo.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu hakuna mwingine aliyeitazama kazi yangu kwa jicho baya kama lako," alisema Brashi, bila kutabasamu. "Wengine wote wananisifia tu."

Tathmini aliiandika kwa haki, ingawa kwa shingo upande, kila neno zuri likimtoka kama jino. Brashi akapata uprofesa. Mhadhiri akajifungia na lile tatizo, na wala si kwa mapenzi ya elimu. Alitaka siku moja yeye ndiye anukuliwe. Mwishowe akatengeneza programu inayopaka rangi hafifu kila mahali palipobuniwa, ili mtazamaji ajue picha inakumbuka nini na inakisia nini. Picha ya baba yake ikatoka na utepe wa rangi shavuni. Mama aliitazama, akasema anaitaka ile laini.

Makala aliyoiandika kuhusu programu hiyo ilishika. Wahifadhi wakaitumia, magazeti yakaiulizia. Ila kila aliyeinukuu alianza sentensi na Brashi, ndipo akaongeza: na baadaye, fulani. Neno hilo "baadaye" lilimchoma kila alipolisoma, na alilisoma mara nyingi.

Siku profesa mpya alipotoa mhadhara wake wa heshima, alimtaja, akaomba ukumbi umpigie makofi. Mhadhiri akasimama, akainama kidogo, mkewe akimvuta koti kwa furaha. Makofi yalikuwa mazito, ya kweli, na yalimwingia. Halafu akakumbuka ni nani aliyeyaomba, akakaa. Kabla mhadhara haujaisha alikuwa ameshaanza kuwaza tatizo lingine, ambalo Brashi hajaligusa.