Sehemu ya Kumi na Moja

Mimi na Wakorea tuna ugomvi wa siku nyingi. Siwachukii, ningewachukia nisingemaliza tamthilia zao arobaini na kitu, ila kuna mambo wanayafanya mpaka natamani niingie kwenye luninga nikawashike masikio. Kwanza ajali zao. Ikifika sehemu ya nane lazima lori litokee mahali pasipo na lori, limgonge mtu aliyesimama katikati ya barabara akikumbuka utoto wake. Mimi ni fundi, natengeneza magari ya watalii hapa Karatu mwaka wa kumi na tisa huu, na nakwambia dereva yule alikuwa na nafasi ya kukanyaga breki mara tatu. Halafu aliyegongwa havunjiki mguu wala mbavu kama watu wengine. Anapoteza kumbukumbu, tena anamsahau mchumba tu. Jina la kampuni ya baba yake analikumbuka vizuri.

Pili, yule mwanaume wa pili. Kuna steringi, yaani mhusika mkuu, mtoto wa tajiri, mkali, mdomo mchafu, anamvuta binti mkono kama anavuta ndama. Na kuna huyu mwingine, mpole, anamletea binti supu akiumwa, anamshikia mwavuli, anamsikiliza akimlilia steringi. Mwishoni anaachwa kwenye mataa. Mimi nilimpa jina la Bwege. Nilisema nyumbani, nikasema gereji, nikasema hata kwenye jumuiya baada ya sala, kwamba mwanaume asiyejua kuvuta mkono atazeeka na mwavuli wake. Wazee wa jumuiya walinitazama tu.

Mke wangu Margareth alikuwa upande wa Bwege. Nadhani alijaribu kuniambia kwa nini, tena mara nyingi. Lakini mimi nikianzishiwa habari za Wakorea ni gari lililokatika breki kwenye mteremko, na yeye si mtu wa kupayuka. Anaanza, "Ila Baba Neema, yule kijana," nami nimeshadakia. Tukimaliza naenda kulala nimefurahi, najiona nimeoa mtu wa kuongea naye.

Margareth ni mwalimu. Mwaka juzi akahamishiwa shule moja huko mbele ya Wasso, siku nzima ya vumbi kwenye basi. Binti yetu Neema tulikuwa tumeshampeleka bweni Mbulu, kwa hiyo nyumba yetu ya Rhotia, nje kidogo ya mji, nikabaki nayo mimi na kuku. Fundi mwenzangu Silvanus alinionya siku ileile. "Fimbo ya mbali haiui nyoka, kaka." Nikamwambia afunge springi aache unabii.

Tukafanya mambo mawili. La kwanza, Margareth aliandika kuomba uhamisho arudi Karatu. Sijawahi kungoja kitu maishani kama nilivyongoja majibu ya barua ile. Nilipiga plasta chumba chetu mwenyewe. Nilimtengenezea kabati la vitabu. Nilipanda maua mlangoni, mimi ambaye mama yangu aliniapisha nisiguse bustani yake. Kila simu nilimalizia na swali moja, barua imetoka? Na yeye akajibu bado.

La pili, tamthilia. Adrian ana kibanda cha kuingiza muvi pale stendi. Alikuwa ananijazia flashi mbili, zile zilizotafsiriwa Kiswahili, maana bila sauti ya mtafsiri wengi wetu hatuambulii kitu. Moja yangu. Ya pili naifunga kwenye bahasha, naizungushia utepe wa gundi, naandika Mwalimu Margareth, nampa kondakta wa basi la Wasso. Sheria ilikuwa moja tu, hakuna kuruka mbele. Sehemu moja kila jioni, tunakula, tunapigiana simu kubishana. Sheria hiyo niliiweka mimi.

Mwezi wa tisa tulikuwa kwenye ya binti muuza tambi sokoni. Steringi ni mtoto wa mwenye kiwanda. Mama yake steringi, nyoka mwenye hereni, anamfuata binti mpaka mezani kwake na kummwagia maji usoni mbele ya wateja. Bwege wa safari hii alikuwa mfamasia. Adrian alikuwa na sehemu nane tu, mtafsiri alikuwa hajazifanya zilizobaki.

Jioni ya sehemu ya nane nilimshukia yule mama. Nikamwambia Margareth kwamba yule hana moyo, atakufa hajaomba radhi, na waandishi wakimlainisha mimi na Wakorea basi tena.

"Usimhukumu hivyo," Margareth akasema taratibu. "Siku anapiga magoti kwenye kaburi la baba wa yule binti, na kiatu kimoja kimemvuka kwenye matope, utamwonea huruma."

Nikacheka. Nikamwambia siku hizi umekuwa mtunzi. Akasema mboga zinaungua. Nikamwuliza barua, akasema bado.

Wiki tatu baadaye Adrian akaniita, zimefika, tisa mpaka kumi na sita. Nikampa kondakta bahasha, jioni nikaanza kutazama. Siku ya tatu nikafika ya kumi na moja. Nilikuwa na sahani ya makande mapajani. Mvua inanyesha, makaburi yako mlimani, na yule mama anapanda peke yake bila dereva, anateleza, kiatu cha kushoto kinabaki kwenye matope, naye hakirudii. Anapiga magoti.

Nikarudisha nyuma nikatazama tena. Nikarudisha tena. Makande yakapoa.

Mtu mwenye akili angesema, ameangalia kwa jirani, basi. Na mimi nilisema hivyo. Nilijisemea nikifungia kuku, nikajisemea nikiswaki. Lakini mtu aliyeangalia kwa jirani anasema nimeangalia kwa jirani, na mimi ningemtania kwa kuvunja sheria na tungecheka. Margareth alisema mboga zinaungua. Nikakaa kitandani mpaka kukapambazuka.

Nilimpigia saa nne asubuhi, saa ya mapumziko yao ya shule. Nilikuwa nimelala chini ya gari, maana sikutaka Silvanus auone uso wangu.

"Mama Neema," nikasema, "sehemu ya kumi na moja uliiona wapi?"

Nilisikia watoto wakipiga kelele, kisha kelele zikapungua. Alikuwa anatembea kwenda mbali nao.

"Kwa Josephati," akasema.

"Josephati ndiye nani?"

"Mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Nyumba ya pili kutoka kwangu. Ana kompyuta. Zinakuja na maandishi ya Kiingereza kwa chini, yanakimbia, kwa hiyo anasimamisha, ananisomea."

"Mnaangalia na nani mwingine?"

"Mimi na yeye."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Tulikuwa mwezi wa kumi. Zilikuwa tamthilia nne, na zote nne alikuwa ameshaziona na mtu mwingine kabla sijafunga bahasha. Jioni anashika simu ananisikiliza nikimweleza mambo anayoyajua mpaka mwisho wake. Niliona aibu kuliko hasira, na hilo sikulitegemea.

"Kuna nini kati yenu?"

"Mwanzoni hakukuwa na kitu, Thadei."

Aliniita Thadei. Tangu Neema azaliwe hajaniita hivyo. Nikajua kabla hajaendelea.

"Sasa hivi kipo," akasema. "Sitakudanganya zaidi. Nimechoka kukudanganya."

"Amenizidi nini mimi?" Swali la kijinga, najua. Ndilo nililokuwa nalo.

Alifikiri. Margareth hajibu ovyo. "Anasimamisha," akasema. "Kila mahali anasimamisha, ananiuliza, wewe unamwonaje huyu? Kwa nini amefanya vile? Siku za mwanzo nilikosa la kusema. Nilikuwa nimesahau kama na mimi nina maoni."

"Mimi nakupigia kila siku."

"Unapiga. Unaongea mpaka simu inakatika, unalala. Hujawahi kuniuliza darasani nina watoto wangapi."

Nikafungua mdomo nimtajie idadi. Sikuwa nayo. Nililala pale chini nikiangalia difu ya gari, machozi yananiingia masikioni, na mkono wangu ulikuwa mchafu sikuweza kujifuta.

"Basi," nikasema. "Basi, Mama Neema, nimekosa. Utaongea wewe, mimi nitanyamaza. Barua ikitoka unarudi, hatutalitaja jambo hili kwa mtu, hata kwa ndugu zako. Nakuapia."

Alianza kulia. Hapo nikapata tumaini, mjinga mimi, maana kwenye tamthilia mwanamke akilia kwenye simu ujue anarudi.

"Barua ilitoka," akasema. "Ilitoka mwezi wa sita. Niliandika nyingine, nikaomba nibaki."

Mwezi wa sita. Nilikuwa napiga plasta mwezi wa sita. Nilimpigia nikamwambia nimemaliza ukuta wa dirishani, akaniambia hongera, pole kwa kazi.

"Nakuja," nikamwambia. "Kesho napanda basi."

"Usije."

"Nakuja tuongee uso kwa uso."

"Thadei, ukija utaongea wewe, na mimi nitakuonea huruma, nitapanda basi nirudi na wewe, na nitakufa polepole humo ndani. Nakuomba. Usije."

Akakata. Silvanus alinivuta miguu akaniuliza vipi, nikamwambia vumbi limeniingia machoni.

Sasa, mimi ndiye niliyehubiri miaka yote kwamba mwanaume akiambiwa usije anakwenda. Steringi huambiwa usije kila tamthilia. Anakwenda, ananyeshewa nje ya geti, binti anatoka mbio bila viatu, na mimi napiga makofi peke yangu sebuleni. Asubuhi yake nilivaa shati la kanisani nikaenda stendi na begi. Njiani nilipanga maneno. Nilikuwa na maneno mengi na mazuri, yangetosha kutoka geti la Ngorongoro mpaka mlangoni kwake, na nilijua yangemshinda. Huwa yanamshinda.

Basi likaja. Kondakta akanishika begi, akasema panda mzee, siti ipo ya dirishani. Niliuweka mguu kwenye ngazi. Watu nyuma yangu wakaanza kusukuma, mama mmoja mwenye ndizi akaniuliza kama napanda au nazuia njia.

Nikamwomba kondakta begi langu nikakaa pembeni. Basi lilipandisha barabara ya geti mpaka likapotea. Nimeishi na Margareth miaka kumi na minne, na katika yote aliyowahi kuniambia, neno la kwanza nililolisikia mpaka mwisho bila kumdakia lilikuwa usije.