Mkono Uliobaki Kabasa

Haya nilisimuliwa na Marieta, mke wa Abednego, wiki ile baada ya Pasaka, tukipukuchua mahindi ya mbegu.

Abednego, wa hapahapa Butiama, alikuwa amelipata tena gemu la kompyuta la utoto wake: lile la askari anayepita kwenye majumba yenye vichochoro, ukilitazama unaona kama wewe mwenyewe umo ndani. Zamani walilichezea Mukendo, kule Musoma, yeye na mdogo wake Nyamhanga, kwenye kiti kimoja, kila mmoja na tako lake moja. Abednego alishika batani za kutembea. Nyamhanga alishika mausi, ndiyo bunduki.

Sasa alikaa peke yake. Mkono wa kushoto ukakimbia kama ulikuwa huko jana. Wa kulia ukawa bubu. Penye mlango wa chuma akauawa. Akarudia, akauawa. Mara saba.

"Baba Gloria, huo mkono wa kulia una nini?" Marieta akacheka.

"Uko Kabasa."

Marieta akaacha kucheka. Kabasa, Bunda mjini, ndiko anakoishi Nyamhanga, na ndugu hao hawakuwa wamesemezana miaka mitatu, tangu Abednego alipomzika mama yao bila kumngoja mdogo wake. Siku hiyo Nyamhanga alikuwa ziwani Kibara. Alifika akakuta kaburi limeshafukiwa, akageuza palepale.

Abednego alikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Aliogopa kitu kimoja: akikataliwa leo, hana ndugu tena. Akapiga.

"Nani amekufa?" Nyamhanga akauliza.

"Mimi. Mara saba. Pale kwenye mlango wa chuma."

"Bado unakimbiaga tu, kama ng'ombe aliyenusa chumvi."

Jumamosi akaja na sato wawili.

"Shikamoo, kaka. Sogea."

Viuno vimenenepa, kiti kikalia. Wakaanza. Mlangoni Nyamhanga akapaza sauti kama zamani, "Ningoje!" Kidole cha kaka yake kilikuwa kimeshabonyeza. Wakafa.

"Unaona? Hujawahi kuningoja, wewe."

Abednego hakumtazama. Macho aliyaacha kwenye kioo, ndiyo maana aliweza kusema.

"Wazee walisema mvua inakuja, tumzike. Ningeweza kukataa, Nyamhanga. Sikukataa. Nisamehe."

Mdogo wake akaanzisha upya. Safari hii Abednego alipofika mlangoni aliinua kidole. Maadui wanasikika nyuma ya ukuta, yeye katulia. Katulia tu, mpaka Nyamhanga aliposema, "Haya, twende."

Wakapita. Ndani hamkuwa na kitu, ngazi tu ya kushuka.

Nyamhanga akaachia mausi. "Nipeleke kwa mama."

Marieta hakuwafuata, alikaanga samaki. Waliporudi, magoti ya wote wawili yalikuwa na udongo. Wakala. Nyamhanga akajilaza mkekani, mchana kweupe, akaanza kukoroma. Abednego alikaa macho, akangoja mpaka usingizi wa mdogo wake ukawa mzito, ndipo naye akajinyoosha kando yake, akalala.